Nilivyojifunza Kuchagua Mbegu za Viazi kwa Kuhesabu Siku

Msimu wangu wa kwanza wa viazi mviringo nilichagua mbegu kwa rangi. Mbele yangu kulikuwa na masanduku matano, na moja lilijaa viazi vyekundu, virefu kidogo, ngozi imenyooka kama iliyopakwa mafuta. Vinaitwa Desiree. Sikuuliza vinakaa ardhini siku ngapi, vinahifadhika vipi, wala vinaogopa ugonjwa gani. Niliambiwa tu kwamba nyama yake ni ya manjano na kwamba ni mbegu ya Kiholanzi iliyotoka mwaka 1962, nikajisemea kuwa kitu kilichodumu miaka yote hiyo hakitaniangusha. Nikapanda hiyo peke yake, shamba zima.

Kichwani nilikuwa na hesabu moja, siku 90. Aliyenipa hesabu hiyo simkumbuki. Ni zile habari ambazo mtu hukua nazo bila kujua zilikotoka. Siku ya 90 ilipofika nikabeba jembe. Mashina yalikuwa mabichi kabisa, yamesimama wima, yana maua. Nikafukua la kwanza nikapata viazi sita, kikubwa kuliko vyote kama yai la kuku, vingine kama gololi, na ngozi ikibanduka kwa kuguswa tu. La pili vivyo hivyo. La tatu pia.

Upande wa pili wa ua kuna mama mtu mzima ambaye alikuwa analima viazi kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akipalilia, akaacha, akaegemea jembe lake kunitazama. Nilipofika shina la nne hakuvumilia.

“Mwanangu, unatafuta nini humo?”

“Viazi, mama. Siku zimetimia.”

“Zimetimia kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Akacheka mpaka akashika kiuno. “Hicho ni kiazi cha muda mrefu. Ndiyo kwanza kinaanza kunenepa. Fukia hayo mashina uende zako nyumbani.”

Nikafukia. Nilikuwa nimeshajipa moyo kwamba ni kusubiri tu, lakini wiki tatu baadaye hewa ilibadilika. Ikaja mvua nyembamba isiyokatika, usiku wenye joto, na majani yanabaki na maji mpaka saa tano asubuhi. Kwenye ncha za majani yakatokea madoa ya kahawia iliyokolea, kana kwamba mtu amepita na kumwaga maji ya moto. Ukigeuza jani, pembeni mwa doa kulikuwa na utando mweupe, mwembamba kama unga. Hiyo ndiyo bakajani chelewa, ambayo wengi huiita ukungu tu. Kitaalamu ni Phytophthora infestans. Siku kumi hazikupita, shamba zima likawa jeusi, linanuka. Nilikata mashina yote nikayatoa shambani, nikangoja wiki mbili kama nilivyoshauriwa ili vimelea vilivyobaki juu ya udongo vife kabla sijafukua, nikavuna. Nusu ya nilichovuna iliozea ndani ya masanduku mwezi huohuo.

Jirani yangu hakupoteza hata kiazi kimoja. Nilimwendea nikiwa na uhakika kwamba ana dawa anayonificha, au ana mbegu sugu. Hakuwa na dawa, na mbegu yake ilikuwa laini kwa ugonjwa kuliko yangu. Yeye alikuwa ameshavuna. Alipanda mbegu ya mapema siku moja na mimi, na mvua ile ilipoanza, viazi vyake vilikuwa ndani na maharage yalikuwa yameshaota mahali pake.

Basi nikaanza kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza mbele ya yale masanduku matano.

Viazi hugawanywa kwa muda wake wa kukomaa. Kwa makadirio, mbegu za mapema huwa tayari kati ya siku 70 na 90 tangu kupandwa, za kati huchukua 90 hadi 110, na za zao kuu huanzia hapo kwenda mpaka 130 au 140. Mipaka hiyo haina ukuta. Niliwahi kupanda mbegu ileile misimu miwili, ikanitolea tofauti ya wiki mbili na nusu, kwa sababu msimu mmoja udongo ulikuwa wa baridi na viazi vilikaa chini karibu mwezi mzima kabla ya kutoa chipukizi. Siku hizi naandika tarehe mbili kwenye daftari, ya kupanda na ya kuota, na ile ya pili ndiyo inayonisaidia zaidi.

Kilichonishangaza ni kwamba tofauti hiyo haiko kwenye kasi peke yake, kana kwamba mmoja anatembea na mwingine anakimbia kwenda mahali pamoja. Mmea wa kiazi una njaa mbili zinazogombania chakula kilekile: kuongeza majani, na kujaza viazi chini. Mbegu ya mapema huamua haraka. Ikishaota wiki chache tu, vikonyo vyake vya chini ya udongo huanza kuvimba nchani, na tangu hapo majani karibu yaache kuongezeka. Mbegu ya zao kuu huendelea kujenga majani muda mrefu, mashina yanakuwa marefu, yanafunika udongo wote, halafu ndipo inateremsha mzigo. Majani mengi yanayofanya kazi miezi miwili zaidi ndiyo yanayoleta magunia. Kwa hiyo nilipofukua Desiree zangu siku ya 90, nilikuwa nimeukamata mmea ukiwa ndio kwanza unageuka.

Urefu wa mchana nao una mkono wake. Viazi asili yake ni milima ya Andes, kwenye nchi ambazo leo ni Peru na Bolivia, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima. Vilipopelekwa Ulaya katika karne ya 16 vilikuta mchana mrefu wa kiangazi, vikatoa majani tele na kungoja siku zifupike ndipo vizae, wakati baridi imeshakaribia. Ilichukua muda mrefu wa watu kuchagua na kuchagua tena mpaka zikapatikana mbegu zisizongoja. Ndiyo maana siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mbegu hazisafiri vizuri. Mbegu iliyozoea mchana mrefu, ukiipanda palipo na mchana mfupi, huwahi kukomaa na mara nyingi hubaki na kichaka kidogo. Nikiona namba kwenye mfuko, nauliza ilihesabiwa wapi.

Msimu wa pili nililipiza kisasi. Kama mbegu ya mapema ndiyo inayokimbia ugonjwa, basi nitapanda mapema tupu. Nilichukua Arran Pilot, mbegu kongwe ya Uskoti ya mwaka 1930, na Charlotte, ya Kifaransa, ambayo kwa haki inahesabiwa ya kati lakini huanza kuchimbika mapema. Nikapanda zote wikiendi moja.

Sina budi kusema ukweli, zilikuwa raha. Maua ya kwanza yalipofunguka niliingiza vidole pembeni mwa tuta bila kung'oa shina, nikapapasa, nikatoa viazi vinne vya ukubwa wa kushikika, nikarudishia udongo. Asubuhi ile sikuhitaji mtu wa kunitafsiria kitu. (Tahadhari kwa anayengojea maua: kuna mbegu ambazo hazichanui kabisa, au huangusha vitumba kabla ya kufunguka. Kwa hizo, papasa tu.) Kiazi kilichochimbwa saa hiyohiyo kina utamu ambao hakiendi nao mbali.

Tatizo lilianza wiki ya tatu ya kuvuna. Vyote vilikuwa tayari kwa pamoja. Ngozi ya kiazi cha mapema ukikichimba kikiwa bado kichanga ni nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Haizuii maji kutoka. Nilijaza masanduku manne nikidhani nina akiba ya miezi, lakini baada ya wiki tano viazi vilikuwa vimesinyaa kama vidole vilivyokaa kwenye maji, na vingine vimeshaanza kutoa macho. Niligawa kwa kila aliyepita. Mama jirani alikuja kuchukua sehemu yake, akatazama masanduku, akasema, “Mwaka jana ulilia njaa, mwaka huu unalia shibe.”

Hapo nikaelewa kosa langu la misimu yote miwili. Nilikuwa natafuta kiazi bora, na nikimpata mshindi nampa shamba lote, wakati nilichohitaji ni mazao mawili tofauti ambayo bahati mbaya yanaitwa kwa jina moja. Lipo zao la kula sasa na kuachia nafasi, na lipo zao la kuweka. La kwanza napima kwa walaji: kaya yangu inamaliza viazi vingapi kwa wiki, kwa wiki sita hivi za kuchimba? La pili napima kwa mahali pa kuhifadhia. Nilipofanya hesabu hiyo kwa penseli nikakuta mashina 30 ya mbegu ya mapema yananitosha kabisa. Nilikuwa nimepanda 140.

Hata hayo 30 siyapandi siku moja tena. Napanda 15, nangoja wiki mbili na nusu, napanda 15 mengine.

Sasa nije kwenye msimu wa tatu, ambao naona aibu kuusimulia, lakini ndio ulionifundisha zaidi. Nilikuwa nimeshajua mapema na zao kuu, nimeshapanga shamba, nikaamua kubana matumizi kwa kupanda viazi vyangu mwenyewe. Kila mtu anajua kwamba kiazi ni mbegu ya nafsi yake. Wakati wa kuvuna nilitenga vikubwa kwa kula, na vile vidogo vidogo, ambavyo hakuna anayetaka kuvimenya, nikaviweka kwa mbegu. Nilijiona mwerevu.

Vikaota kwa kusuasua. Baadhi ya mashina yalikuwa mafupi, majani ya chini yamejikunja kwenda juu kama kijiko, magumu, ukipitisha mkono yanapiga kelele kama karatasi kavu. Mengine yalikuwa na mabaka ya kijani kilichopauka na majani yaliyokunjamana. Mavuno yalikuwa chini ya nusu ya msimu uliotangulia, kwenye udongo uleule na kwa samadi ileile.

Yalikuwa magonjwa ya virusi. Yale ya kukunja majani na yale ya mabaka husambazwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu na kuhama mmea hadi mmea. Kirusi kikishaingia huteremka mpaka kwenye viazi, na kiazi hicho ukikipanda kinazaliwa mgonjwa. Kwa nje hukioni. Na hapa ndipo uerevu wangu ulipogeuka: mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo. Nilipokusanya vile vidogo kwa ajili ya mbegu, nilikuwa nimechambua shamba langu lote na kuwateua wagonjwa kwa mkono wangu mwenyewe. Ningevifanya hivyo misimu mitatu mfululizo ningebaki na majani tu.

Hii inaeleza pia kwa nini viazi vya mbegu hulimwa mahali pa baridi na penye upepo, kama vile Uskoti, ambako vidukari ni wachache na wanaruka kwa shida, na kwa nini wazalishaji huko huua mashina kabla viazi havijafikia ukubwa wa mwisho, ili kirusi kinacholetwa mwishoni mwa msimu kisipate muda wa kuteremka. Mbegu iliyothibitishwa si kiazi cha aina nyingine. Ni kiazi kilekile ambacho watu wamekagua majani ya mama yake. Viazi vya kula, vilivyonunuliwa kwa ajili ya jikoni, havina ukaguzi huo, na vingine vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua, utavitazama mpaka uchoke.

Siku hizi nanunua mbegu iliyothibitishwa kila baada ya misimu miwili au mitatu, na katikati natumia yangu kwa utaratibu tofauti kabisa. Maua yanapoanza napita shambani na vijiti. Shina lililosimama vizuri, lenye majani mapana yasiyo na baka, na majirani wazima, nalichomekea kijiti. Napita tena wiki mbili baadaye, na lililobadilika nalinyang'anya kijiti chake. Siku ya kuvuna natangulia kufukua yenye vijiti, na shina ambalo chini halina mzigo wa kuridhisha nalitupa kwenye kundi la kula. Mbegu inatoka kwenye yaliyobaki, kiazi cha ukubwa wa yai, ambacho ni kidogo cha mzazi mwenye afya. Ukubwa ni uleule niliokuwa nachagua zamani, tofauti iko kwa mama.

Ugonjwa mmoja haukubali ujanja huu, nao ni mnyauko wa bakteria. Shina linanyauka mchana likiwa bado la kijani, jioni linajitahidi kuinuka, kesho kutwa limelala. Ukilishuku, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka. Ukiziona, shamba hilo halitoi mbegu, hata kwenye mashina mazuri. Wala usijidanganye kwamba mbegu ya mapema itakukimbizia ugonjwa huo. Na kisu kilichokata kiazi kimoja chenye bakteria kinawapaka wenzake wote, kwa hiyo nimeacha kukata mbegu vipande isipokuwa nimebanwa sana. Nikilazimika, kila kipande nakiachia macho mawili au matatu, na nakiacha siku kadhaa jeraha likauke. Niliwahi kupanda vipande siku ileile vikiwa vibichi kwenye udongo uliolowa. Viliota vitatu.

Kuhusu kuchipusha, yaani kuviacha viazi vya mbegu vitoe machipukizi kabla ya kupandwa, sitasema mengi, maana wengi wanalijua, ila wengi pia wanalifanya gizani. Mimi nilikuwa nalifanya gizani. Gunia likiwa limefungwa kwenye kona, mbegu ya mapema ikatoa machipukizi marefu meupe, membamba kama tambi, yakikatika kila nikiligusa gunia. Mbegu ya zao kuu kwenye gunia la pili ilikuwa bado imelala fofofo. Kila aina ina usingizi wake baada ya kuvunwa. Kuna zinazolala miezi mitatu na zaidi, na kuna kama Shangi, inayojulikana sana Kenya, ambayo usingizi wake ni mfupi mno. Hilo ni zuri kwa anayetaka kupanda tena upesi, na baya kwa anayetaka kuhifadhi. Ukichagua mbegu bila kuuliza usingizi wake, utakuta shamba liko tayari na mbegu haiko, au kinyume.

Ninachofanya ni kuvipanga viazi kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukitazama juu, mahali penye mwanga lakini si jua kali, pasipo joto. Baada ya wiki nne hadi sita machipukizi yanakuwa mafupi, manene, ya kijani au zambarau, ya sentimita mbili hivi. Kwa mbegu ya mapema kazi hii inalipa, maana inakupa wiki nzima au mbili mbele, na wiki mbili kwenye zao la siku 80 ni kitu. Kwa zao kuu faida yake ni ndogo zaidi. Nafasi ya trei ikiwa haitoshi, natoa ya mapema kipaumbele bila kufikiri mara mbili.

Nafasi shambani nayo hufuata kundi. Ya mapema naiweka sentimita 30 shina hadi shina na 60 kati ya matuta. Zao kuu 40 kwa 75, kwa sababu kichaka chake kinatanuka na udongo wa kupandishia lazima utoke mahali fulani. Mwaka niliobana zao kuu kwa vipimo vya mapema, nilikosa udongo wa kuinulia matuta, viazi vikachungulia nje, vikawa vya kijani. Kijani chenyewe ni rangi ya majani tu, lakini kinakuambia kwamba kiazi kimepigwa na mwanga, na mwanga huohuo huongeza sumu ya solanini. Nilitupa ndoo mbili.

Swali gumu lililobaki lilikuwa la zao kuu. Kama litakaa ardhini siku 130, litakutana na mvua za ukungu, hakuna ujanja wa kukimbia. Hapo ndipo kinga ya mbegu yenyewe inapokuwa na maana, kuliko rangi, kuliko hata wingi. Nilijaribu Sarpo Mira, mbegu iliyotokana na kazi ya familia ya Sárvári ya Hungaria. Niliipanda kando ya Desiree makusudi. Ukungu ulipokuja, Desiree ziliungua kama kawaida yake, na Sarpo Mira zikabaki za kijani, zimefika kiunoni, kana kwamba habari haziwahusu. Nilivuna viazi vikubwa, vingine vikubwa kupita kiasi. Nyumbani, hata hivyo, hawakuvipenda wote. Ni vya unga, vikavu, ukivichemsha bila kuangalia vinapasuka. Vinafaa kuponda na kuoka. Nilijifunza kwamba kinga haina maana ikiwa sufuria inarudi na viazi.

Kwa hiyo zao kuu langu nimeligawa: nusu ni mbegu sugu, nusu ni mbegu ambayo watu wangu wanaipenda, hata kama ni dhaifu. Mwaka mbaya nakosa nusu moja. Si ujuzi wangu huo. Ayalandi mwaka 1845, ukungu ulipoingia, umma wa maskini ulikuwa unategemea karibu kiazi cha aina moja, Lumper, na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi, mashamba yote yalikuwa kama mmea mmoja uliorudiwa. Watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka iliyofuata, na wengine kama hao wakahama nchi. Siasa na umiliki wa ardhi vilichangia sana, lakini kwenye udongo wenyewe hali ilikuwa hiyo.

Wala kinga yenyewe si ya milele. Maris Piper, zao kuu lililopendwa mno Uingereza tangu miaka ya 1960, lilikuja na kinga dhidi ya aina moja ya minyoo inayoshambulia mizizi ya viazi. Wakulima walilipanda kila mahali, minyoo ile ikapungua, na binamu yake ambaye Maris Piper haimzuii akachukua nafasi na kuwa tatizo kubwa zaidi. Kwa hiyo hata mbegu sugu naihamisha, na kipande cha ardhi kilicholimwa viazi hakioni viazi tena, wala nyanya, wala biringanya, mpaka misimu mitatu au minne ipite.

Upande wa jikoni nina jaribio dogo nalolipenda, ingawa watoto wanadhani ni mchezo. Kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji. Kiazi cha unga huzama, kile kigumu chenye maji mengi huelea. Charlotte huelea, na hicho ndicho cha kuchemsha kikabaki na umbo. Viazi vya mapema kwa kawaida huelea, kwa sababu vimevunwa kabla wanga haujajaa. Nikipata mbegu nisiyoijua, naichimba mashina mawili kwa nyakati tofauti, naitumbukiza, naandika.

Kuvuna zao kuu pia kuna subira yake. Mashina yakishakauka yenyewe nayakata, naviacha viazi chini wiki mbili. Nikitaka kujua kama vimekomaa, nachimba kimoja nakisugua kwa kidole gumba. Ngozi isipobanduka, siku imefika. Navikausha kivulini saa chache, vyenye jeraha vinaliwa kwanza, vilivyobaki vinaingia kwenye magunia yanayopumua, gizani, penye ubaridi wa nyuzi 4 hadi 7. Chini ya hapo wanga hugeuka sukari na ukivikaanga vinakuwa vyeusi haraka. Nimevila mwezi wa sita tangu kuvuna vikiwa bado vigumu, jambo ambalo Arran Pilot zangu zisingeliweza hata ndotoni.

Daftari langu la msimu huu linasema hivi: mashina 30 ya mapema kwa awamu mbili, mashina 90 ya zao kuu ya aina mbili. Vibao vya majina nimeviandika kwa rangi, si kalamu, maana kuna mwaka mvua ilifuta vyote na nikavuna kwa kubahatisha.

Juzi mama jirani alinikuta napanga trei. Akatoa mfukoni viazi vitatu vyenye macho ya zambarau, vimefungwa kwenye kitambaa.

“Hivi vilitoka kwa mama mkwe wangu. Jina silijui, na yeye hakuwahi kuliniambia.”

“Vya mapema au vya kuchelewa, mama?”

“Panda utaniambia,” akasema, akarudi upande wake wa ua.

Nimeviweka mwisho wa tuta, mbali kidogo na vingine mpaka nione majani yake. Kwenye kibao nimeandika tarehe ya kupanda, na chini yake nimeacha nafasi ya tarehe ya kuota.